Kutua Mbeya: Habari za Elimu ya Kushusha Ndege katika Nyanda za Juu za Kusini

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Maneno hayo aghalabu huambiwa mtu mwenye kiburi, lakini kwa rubani ni habari ya kazi ya kila siku. Ndege ikisha kupaa haina budi kushuka, na katika kushuka ndimo ustadi wa rubani hupimwa. Abiria hajui kiasi cha mafuta yaliyobaki wala njia iliyofuatwa mawinguni. Ajualo ni kama magurudumu yaligusa ardhi kwa upole au kwa kishindo. Walakini upole huo hautokani na wepesi wa mkono peke yake. Hutokana pia na kuijua hewa ya mahali, na elimu hiyo ilichukua miaka ipatayo sitini kabla ya kuweza kufundishwa pasipo kuhatarisha roho za watu. Habari za nchi ya Mbeya na Iringa ni ushahidi wa jambo hili.

Hewa ya nchi za juu ilitoa onyo lake mapema. Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand walikuwa safarini kwa ndege kutoka Uingereza kwenda Cape Town. Tarehe 6 Machi waliondoka Bulawayo, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Ndege yao ilishindwa kupanda, ikaanguka na kuvunjika. Wao wenyewe walipona, wakamaliza safari kwa ndege nyingine. Injini ile ile na mbawa zile zile zilizotosha Uingereza hazikutosha mahali ambapo hewa ni nyepesi.

Miaka kumi na miwili baadaye ndege za ratiba zilifika Mbeya. Mwezi Januari 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua kutoka London mpaka Cape Town, na katika Tanganyika vituo vyake vilikuwa Moshi, Dodoma na Mbeya. Kutoka Dodoma ndege zilielekea kusini-magharibi kwenye milima ya Nyanda za Juu, zikatua Mbeya chini ya kilele cha Loleza, kisha zikaendelea hata Mpika katika Rhodesia ya Kaskazini. Kwanza zilitumika ndege za Hercules zenye injini tatu. Tangu 1933 zikaja Atalanta zenye injini nne, zilizoundwa makusudi kwa viwanja vya juu na vya joto.

Yafaa kueleza shida iliyomkabili rubani pale. Kiwanja cha Mbeya mjini kipo kwenye kimo cha mita 1,700 hivi. Joto likifika nyuzi 25, hewa yake huwa pungufu kwa sehemu moja katika tano ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani haipimi mbio za ndege juu ya ardhi. Hupima msukumo wa hewa. Kwa hiyo, pasipo upepo, saa ikionyesha maili 60, ndege huwa inakwenda karibu maili 68. Tena, kwa kuwa nafasi ya kusimamia hukua kwa mraba wa mbio, ndege huhitaji njia ndefu zaidi kwa robo na ushei.

Hapo ndipo macho yalipomdanganya mgeni. Rubani aliyezoea viwanja vya pwani aliona nyasi zikipita upesi kuliko alivyozoea, akadhani amezidisha mwendo. Akipunguza, mbawa zilikosa nguvu ya kuibeba ndege, nayo ikadondoka. Ndege za zamani hizo zilikuwa na gurudumu la mkiani. Ilipasa kuinua pua karibu na ardhi kwa wakati barabara, ili magurudumu ya mbele na mkia yaguse pamoja. Akiinua mapema alianguka kwa kishindo; akichelewa ndege iliruka kama mpira. Rubani alijifunza hayo kwa kutua na kutua tena, akiwa na abiria na mifuko ya barua nyuma yake.

Mwaka 1937 Imperial Airways ilihamishia safari zake pwani, ikitumia ndege za kutua majini. Mbeya ikaachiwa ndege ndogo zaidi, hata lilipoundwa shirika la East African Airways mwaka 1946. Ndege zake za DC-3 ziliiunganisha miji ya bara na pwani, Iringa na Mbeya zikiwamo.

Wakati huo Marekani ilikuwa na mwalimu wa namna nyingine. Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, alitumia mivukuto ya vinanda kutikisa chumba kidogo mfano wa ndege. Watu walikiona kama mchezo. Mwaka 1934, baada ya askari marubani wengi kufa wakipeleka barua katika ukungu, jeshi lilinunua vyumba sita, na katika Vita Kuu ya Pili marubani zaidi ya nusu milioni walifunzwa humo. Walakini simuleta hiyo ilikuwa kipofu. Ilimfundisha mtu kuongoza ndege mawinguni kwa kutazama saa. Ardhi haikuweza kumwonyesha, na kwa hiyo kutua haikuweza kumfundisha.

Mafunzo ya kutua yakaendelea kufanywa kwa ndege zenyewe, na gharama yake ilikuwa kubwa. Tarehe 30 Machi 1967 ndege ya DC-8 iliyokuwa katika mafunzo ilianguka karibu na New Orleans, ikaua watu 19. 13 kati yao walikuwa chini, wala hawakuwa na habari na mafunzo hayo. Hatimaye kompyuta zilianza kuchora taa za viwanja mbele ya macho ya mwanafunzi, na mwaka 1980 Serikali ya Marekani ikaweka utaratibu wa kukubali mafunzo ya kutua yaliyofanywa katika simuleta. Leo mwalimu aweza kuweka kimo cha mita 1,700, joto la adhuhuri na upepo wa ubavuni, kisha mwanafunzi akaanguka mara kumi na kwenda kula chakula cha mchana.

Mwezi Desemba 2012 kiwanja cha Songwe kilianza kazi, bondeni chini ya mji wa Mbeya, kikiwa na njia ndefu ya zaidi ya mita 3,000. Urefu huo uliondoa shida moja, lakini ukungu ulibaki. Mara kadhaa ndege zimefika juu ya Songwe zikageuka kurudi Dar es Salaam, na abiria wamenung'unika. Manung'uniko hayo yapimwe kwa msiba wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 yenye watu 43 ilikuwa ikijaribu kutua huko katika hali mbaya ya hewa; iliingia ziwani, na watu 19 wakafa.

Basi abiria asiupime ustadi wa rubani kwa ulaini peke yake. Njia ikiwa imelowa, rubani hodari hugusa ardhi kwa uthabiti, ili magurudumu yapasue maji na kushika lami. Abiria hutikisika, naye amefanya sawa. Na siku ambayo bonde la Songwe halionekani, hugeuza ndege. Uamuzi huo pia hufanyiwa mazoezi katika simuleta, na ni sehemu ya elimu ile ile iliyoanza kutafutwa Mbeya mwaka 1932.