Vyumba vilivyopimwa kwa mwanga: kutoka Kasubi hadi Dzaleka

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, jumba la nyasi kwenye kilima cha Kasubi mjini Kampala. Humo wamezikwa makabaka, yaani wafalme, wanne wa Buganda: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Mutesa wa Pili. Jumba lilijengwa mwaka 1882 likiwa ikulu, likafanywa makaburi miaka miwili baadaye Mutesa wa Kwanza alipofariki, na mwaka 2001 UNESCO ikaliandika katika orodha ya urithi wa dunia. Ukiinua macho ndani yake uliziona pete 52 zikizunguka chini ya paa, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Kulipokucha, paa lote lilikuwa majivu.

Bahati ni kwamba mwaka 2009 jumba hilo lilikuwa limepimwa. Waliohusika ni CyArk, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2003 na mhandisi Ben Kacyra, mzaliwa wa Mosul, Iraki. Kampuni yake ya awali ndiyo iliyounda skana ya leza ya kubebeka katika miaka ya 1990, na kilichomsukuma kuanzisha shirika ni kuona sanamu za Buddha za Bamiyan, Afghanistan, zikilipuliwa mwaka 2001.

Kazi yenyewe haina uchawi. Skana husimamishwa juu ya miguu mitatu, ikarusha mwali wa leza ukutani na kuungoja urudi. Kasi ya mwanga inajulikana, hivyo muda wa kwenda na kurudi unatosha kukokotoa umbali. Hurudia hivyo maelfu ya mara kwa sekunde huku ikizunguka, na kila pigo huacha nukta moja. Nguzo ikikinga ukuta, chombo huhamishiwa upande wa pili, na chumba chenye nguzo nyingi kama kile cha Kasubi hudai uvumilivu mkubwa. Mwishowe hupatikana wingu la nukta, mamilioni kwa mamilioni, ambalo hugeuzwa kuta na kuvikwa picha za rangi halisi. Programu zinazotengeneza michezo ya kompyuta hukipeleka chumba hicho kwenye miwani ya uhalisia pepe, nawe ukigeuza shingo, nacho kinageuka.

Wazo la chumba ndani ya miwani limetangulia leza hizo kwa muda mrefu. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichoshikiliwa na mkono wa chuma kutoka darini. Miongoni mwa vitu vya kwanza alivyoonyesha humo ni chumba: mistari mitupu, na kuta zilizoandikwa herufi za pande nne za dunia. Katika miaka ya 1980, Frederick Brooks na wenzake wa chuo kikuu cha Chapel Hill, North Carolina, walilichora kwenye kompyuta jengo jipya la idara yao ya kompyuta kabla halijajengwa, wakatembea ndani yake na kuona kwamba kizuizi kimoja kilibana ukumbi. Kikasogezwa kwenye ramani, mafundi wakiwa bado hawajaweka tofali. Miwani ya bei nafuu ilikuja baadaye sana, baada ya mwaka 2012.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo kilitangulia miwani. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gede. Kilwa, ambako bahari inakula kuta, iliingizwa pia mwaka 2020 katika maonyesho ya mtandaoni ya Google na CyArk.

Hayo yote yanahitaji chumba ambacho bado kipo. Wasomaji wa Kiswahili hapa Chilinde, Lilongwe, na kule Dzaleka wengi wao hawana bahati hiyo. Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ilikuwa gereza lililoogopwa sana enzi za Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu kama elfu kumi, leo ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waishio mijini warudi kambini, na wapo waliopoteza nyumba kwa mara ya pili. Nyumba ya Uvira, kule Kongo, iliyochomwa itapimwa na leza gani?

Jibu lipo, na mimi naliona zito kuliko habari zote za miwani. Mwaka 2016, Forensic Architecture ya London na Amnesty International walilijenga upya kwa kompyuta gereza la Saydnaya nchini Syria, ambalo hawakuweza kulifikia. Walionusurika walikuwa wamefungwa vitambaa machoni au kuwekwa gizani, kwa hiyo waliulizwa walichosikia: mwangwi, hatua za walinzi, mlango ukifungwa. Sauti zikachezwa mpaka shahidi aseme ndivyo ilivyokuwa. Kumbukumbu ikageuka kipimo.

Ila si kila kinachopimika kioneshwe. Kule Kasubi, nyuma ya pazia la nguo za magome, kuna sehemu ya ndani wasiyoingia wageni. Miwani isiyojua mwiko huo inavunja mlango. Wala wingu la nukta halijui namna nyasi zinavyofungwa: ujuzi wa kuezeka umo mikononi mwa ukoo wa Ngeye, na ni mikono ya mafundi iliyolirudisha jumba hata UNESCO ikaliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Kwa hiyo vijana wa Dzaleka wanaojifunza kompyuta wasisubiri skana ya mamilioni. Simu ya kawaida inatosha kuanzia, mradi mwenye nyumba akubali na aseme kipi kisipigwe picha. Piga picha ukizunguka chumba kizima, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia, bila kuruka kona. Mwanga usibadilike katikati ya kazi, na ukuta mtupu usio na alama ubandikwe karatasi zenye alama tofauti, kwa sababu programu inayogeuza picha kuwa chumba hutafuta alama ili kuziunganisha. Kisha chukua futi ya fundi upime upande mmoja wa mlango na uandike. Bila namba hiyo, kompyuta haiwezi kujua kama chumba kina mita tatu au thelathini.