Mawe ya Musonoi, makaratasi ya Tervuren

Kuna mawe manne ambayo wataalamu waliyatambua kwa mara ya kwanza kutoka mgodi wa Musonoi, hapa Kolwezi. Guilleminite na demesmaekerite zilitangazwa 1965, marthozite 1969, derriksite 1971. Yote yana urani na seleni. Demesmaekerite ina kijani kizito cha chupa. Majina ni ya watu: Marthoz alikuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, Demesmaeker na Derriks wanajiolojia wake, Guillemin bingwa wa madini wa Ufaransa. Mchimbaji hakuachiwa hata kokoto.

Kuandika ardhi ya Katanga, eneo hili, kulianza mapema. Jules Cornet, Mbelgiji, alifika 1892 na msafara wa Bia na Francqui, akaondoka na daftari zake. Union Minière ikaundwa 1906, na tangu hapo kila aliyetumwa kupima ardhi aliacha karatasi: ramani, ripoti, maelezo ya udongo na mawe yaliyotoka katika kila shimo lililochorongwa. Mengi ya makaratasi ya jiolojia ya Kongo yako Tervuren, karibu na Brussels, katika Makumbusho ya Afrika ya Kati. Mobutu alipotaifisha Union Minière mwaka 1967, migodi na mitambo ilikuwa Kongo. Makaratasi ya Tervuren yalibaki kulekule.

Kuchoronga ni gharama kubwa, kwa hiyo ripoti ya shimo la zamani humwambia mtafiti wa leo aanzie wapi, tena bila jasho. Wakazi wa Kasulo, mjini humu humu, hawakuwa na ramani. Mwaka 2014 kobalti ilionekana wakati watu wakichimba uani kwao.

Kwa kuwa ripoti za zamani huokoa gharama hiyo, KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa akili mnemba na yenye fedha za Bill Gates na Jeff Bezos, iliyataka makaratasi ya Tervuren. Julai 2025 ilisaini makubaliano na serikali ya Kongo, na kuyaweka katika mfumo wa kidijitali kulikuwa sehemu yake. Makumbusho yakakataa kuyakabidhi kwa kampuni binafsi, yakisema ni mali ya umma na kwamba yenyewe yanaendelea kuyanakili kwa msaada wa Umoja wa Ulaya.

Hoja ya makumbusho ina uzito, ingawa inachekesha kidogo: nyumba iliyozaliwa na maonyesho ya Leopold II ya 1897 ndiyo leo inayolinda umma dhidi ya kampuni. Kongo ingeweza kudai nakala kamili tangu 1967. Sasa anayezidai kwa sauti kubwa ni mteja wake, KoBold.