Frankie Lymon

Frankie Lymon (30 Septemba 1942 – 27 Februari 1968) alikuwa mwimbaji Mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Harlem, New York, na miongoni mwa nyota wa kwanza wa roki waliovuma wangali watoto. Akiwa na miaka 13 aliongoza The Teenagers, kundi la vijana watano, Weusi na wenye asili ya Puerto Rico. Wimbo wao “Why Do Fools Fall in Love” (1956) ulifika nafasi ya 6 Marekani na kushika namba moja Uingereza. Mvuto wake mkubwa ni sauti ya Lymon, nyembamba na kali, ikipaa juu ya sauti nzito ya besi ya mwenzake Sherman Garnes. Mwaka 1957 alianza kuimba peke yake, lakini sauti ilipovunjika kwa kubalehe, umaarufu ukafifia. Mwaka huohuo alionekana katika kipindi cha televisheni cha mtangazaji Alan Freed akicheza dansi na msichana Mzungu. Vituo vya majimbo ya Kusini vilikasirika, na kipindi kikafutwa. Alifariki akiwa na miaka 25, kwa kuzidisha heroini, nyumbani kwa bibi yake. Baadaye wanawake watatu walikwenda mahakamani, kila mmoja akidai kuwa ndiye mjane wake na mrithi wa mirabaha.