Moshi, Ndizi na Ua la Barazani

Mwaka 1983, nikiwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, niliketi nyuma ya darasa kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa kijana kutoka Bukoba, na somo lilihusu kuiva kwa matunda. Akawaeleza watoto jinsi kwao wanavyovumbika ndizi za rubisi: shimo huchimbwa, moto huwashwa, ndizi hupangwa na kufunikwa kwa majani ya migomba na udongo. Kisha akasema, "Moshi ndio unaoivisha." Nilimkata alama. Kwa wino mwekundu niliandika kwamba kinachoivisha ni joto, na kwamba mwalimu hafundishi mambo ya vijijini kana kwamba ni sayansi. Aliyasoma maneno yangu, akasema, "Ahsante, Mwalimu," basi.

Kilichonirudisha kwenye wino ule ni ua. Nilipostaafu, binti yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam mmea wa chungu wenye majani mapana ya mistari ya rangi ya fedha, yaliyozungukana yakafanya kikombe katikati. Muuzaji aliuita bromelia. Asili yake ni Brazil, na jina lake la kitaalamu ni Aechmea fasciata. Mke wangu alipouona tu akasema, "Hili si nanasi hili?" Hakukosea sana, kwani nanasi ni wa ukoo huo huo. Columbus na watu wake walilikuta nanasi katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na jina tunaloliita hadi leo lilitoka vinywani mwa wenyeji wa Amerika ya Kusini. Lakini jina bromelia halina hata chembe ya huko: mtawa Mfaransa, Charles Plumier, alilitunga kumheshimu daktari wa Uswidi, Olof Bromelius. Ndivyo majina yalivyogawanywa siku zile.

Kuutunza si kazi kubwa. Maji hutiwa kikombeni. Udongo uwe mwepesi usiotuamisha maji. Mwanga wa barazani watosha, maana jua la mchana huunguza majani. Kila wiki namwaga maji na kutia mapya, kwa sababu mbu nao hukipenda kikombe kile, na mke wangu ameapa kuutupa mmea siku atakapoona viluwiluwi tena.

Taabu ilikuwa moja: miaka mitatu mizima haukutoa ua. Katika kutafuta dawa ndipo nikasoma habari za visiwa vya Azores, ambako Wareno walilima mananasi ndani ya nyumba za vioo. Inasimuliwa kwamba mnamo 1874 moshi ulijaa katika nyumba mojawapo. Ikadhaniwa mazao yamekwisha, kumbe mananasi yakachanua yote kwa pamoja. Tangu hapo wakulima wakawa wanayafukiza makusudi. Mwaka 1901 Mrusi Dimitry Neljubow alitambua kuwa gesi ya ethilini, iliyokuwamo katika gesi ya taa, ndiyo iliyopotosha miche ya njegere maabarani mwake. Mwaka 1932 ikachapishwa huko Puerto Rico kwamba moshi na ethilini huyachanusha mananasi vilevile. Na mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kuwa tunda linaloiva huitoa gesi hiyo lenyewe.

Nikavua miwani. Joto nalo lina kazi yake shimoni, sikuwa nimekosea kabisa. Lakini kijana alisema kweli, na kweli hiyo ilikwisha chapishwa nusu karne kabla ya wino wangu.

Nilimwaga maji ya kikombe, nikaweka ndizi mbivu mbili kando ya chungu, nikafunika vyote kwa mfuko wa plastiki uliosalia tangu kabla ya katazo la mwaka 2019. Siku ya saba nikaufunua. Mwezi wa tatu likachomoza shada la rangi ya waridi, lenye viua vidogo vya buluu.

Mmea wa namna hii huchanua mara moja, kisha mama hufa polepole akiacha vichipukizi. Wangu umeacha vitatu. Kimoja nimekipanda katika kopo la rangi. Nimeulizia: yule kijana naye amestaafu ualimu, yuko Muleba, ana wajukuu. Barua nimeandika, na habari ya alama nimeieleza yote. Mpwa wangu atasafiri na kopo kwa basi la Jumatatu. Barua nimeichomeka katikati ya majani, na kikombe nimekiacha kikavu ili isilowe.