Mpira wa Vyuo na Ada ya Waya

Tarehe 30 Septemba 1939, mpira wa vyuo vya Marekani ulionyeshwa katika televisheni kwa mara ya kwanza, Fordham wakicheza na Waynesburg mjini New York. Wachache waliokuwa na chombo hicho hawakudaiwa ada. Baadaye wakuu wa vyuo waliogopa kwamba viwanja vitakuwa vitupu. Basi tangu 1951 chama chao, NCAA, kiliwekea kipimo idadi ya michezo ya kuonyeshwa. Vyuo vya Oklahoma na Georgia, vyote viwili vya umma, vilishtaki, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikakivunja kipimo hicho kwa kura 7 dhidi ya 2. Mmoja wa wale wawili, Jaji Byron White, alishika kwamba vyuo visihukumiwe kama biashara tupu. Naye katika ujana wake alikuwa mchezaji hodari wa mpira huo huo!

Michezo ikafurika, lakini mingi ilipita katika waya, na waya una ada yake. Januari 2011 hata mchezo wa kuamua ubingwa ulihamia ESPN. Mtu aliyekata waya apunguze gharama alirudia antena iliyomtosha babu yake, akakuta haimwonyeshi tena michezo mingi ya chuo ambacho kodi yake hukisaidia.