Sanaa

Neno hili tulilipata kwa Kiarabu, ambako lilibeba kazi zote za ustadi wa mikono, za seremala na mhunzi pia. Shule zetu zimelitenga na sayansi, na hilo linaniuma. Leonardo da Vinci (1452–1519) alipasua maiti ili achore misuli sawasawa, na alisifika pia kwa kupiga lira. Huku Bungoma, fundi wa litungu, kinubi cha Wabukusu, hupima kwa sikio: ngozi iwambwe vipi, kila uzi ukazwe kiasi gani. Hiyo ni fizikia ya sauti, ingawa haijaandikwa ubaoni. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yalirithi mkusanyo wa mwanaasili Hugh Stoneham, wadudu na vifaa vya utamaduni pamoja. Walimu, wapelekeni huko wanafunzi wa fizikia na wa muziki kwa basi moja.