Rangi kwenye Ukuta wa Muda

Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe hapa Kasulu mwaka 1996, nyumba zetu zinaitwa za muda. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao, na bado zinaitwa hivyo. Basi kila mama akichukua udongo mweupe na kuanza kupaka ukuta wa sebule, hakosi mtu wa kumuuliza: "Unapamba ya nini? Kwani hapa ni kwenu?" Swali hilo linanisumbua. Nimelitafutia jibu katika historia ya kuta za huku kwetu, Maziwa Makuu.

Nianze na Bukavu, mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville hadi mwaka 1954. Uko kando ya Ziwa Kivu, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi inaingia kweli. Wazungu wakajijengea saloni kama za kwao Ulaya: meko ya mawe ndani ya ukuta, bomba la moshi likitokea juu ya paa. Sisi tukaiita sheminee. Babu yangu alikuwa mtumishi katika nyumba moja ya namna hiyo. Alituambia kila jioni aliwasha moto ambao yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuuota. Ukutani kulikuwa na karatasi ya maua iliyokuja kwa meli. Unyevu wa ziwa ukiibandua pembeni, yeye anairudisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Nyumba ile ilijengwa idumu, na kweli imedumu kuliko mwenyewe. Mwaka 1960 uhuru ulipofika, tajiri alifunga masanduku akaenda. Sheminee haikuingia sandukuni.

Sasa tuvuke mpaka hadi Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Huko wanawake walipamba kuta za ndani kwa kitu kinachoitwa imigongo. Neno ni lile lile letu la mgongo, maana michoro yenyewe inainuka ukutani kama matuta. Inasimuliwa kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kabla wakoloni hawajafika. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, kikafinyangwa kwa vidole kuwa mistari ya kupinda, mizunguko na pembe. Kikikauka, hupakwa rangi: nyeupe na nyekundu za udongo, na nyeusi inayopikwa kwa utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi. Hakuna cha kuagiza kwa meli. Vyote viko zizini, shambani na mekoni.

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yakapita hapo. Wengi wa waliojua kazi hiyo waliuawa, na nyumba zikabomolewa pamoja na mapambo yake. Lakini wanawake waliobaki, wajane wakiwemo, wakaungana katika ushirika, wakaanza tena kufinyanga. Siku hizi kazi nyingi hufanywa juu ya ubao, si ukutani. Ubao unabebeka. Mkimbizi yeyote anaelewa faida yake bila kuelezwa.

Nikiziweka hadithi hizi mbili pamoja, naona jambo moja. Yule tajiri wa Bukavu aliamini mawe ndiyo yanayompa mtu makao. Wale mama wa Gisaka walibomolewa ukuta, ila ujuzi ulikuwa mikononi, ukapona nao.

Sisi hapa tunachanganya kila kitu: udongo mweupe juu, mwekundu chini, majivu ya kuni kwa mstari wa katikati. Mwenye kalenda ya zamani anaibandika, mwenye kitenge anakitundika, na vitambaa vya kufuma vinafunika hata kiti cha mbao. Sheminee hatuna, tuna mafiga matatu nje, na kuni za kuhesabu.

Kwa hiyo anayeuliza tunapamba ya nini, jibu langu ni hili: nyumba inaweza kuwa ya muda, lakini mtoto anayekulia ndani yake hana utoto wa muda. Mvua zikikatika tutapaka tena. Safari hii nitampa binti yangu ndoo ya udongo, akoroge mwenyewe, ajue ni maji kiasi gani. Siku tukiondoka, ukuta utabaki Nyarugusu. Kipimo cha maji ataondoka nacho.